Tuache kuwasingizia wageni, umoja wa timu za Uingereza unauliwa na kitu kingine

Mleta uzi

Wakuu habari za jioni.

Timu yoyote kubwa ya Uingereza ikipoteza mechi mbili mfululizo lazima uisikie hii stori, iwe kibanda umiza au humu jukwaani: hawa wageni hawana uchungu na jezi, wamefuata mshahara, wangekuwa wazawa wangefia uwanjani. Nimeisikia miaka na miaka na leo nimeamua kuishukia yote. Kaukweli kadogo kapo ndani yake, ila wengi wanakabeba upande ambao hakapo.

Tukumbushane kwanza tulikotoka. Ligi Kuu ilivyoanza Agosti 1992, wikiendi ya kwanza wachezaji kutoka nje ya Uingereza na Ireland walioanza mechi walikuwa 13 tu, na ligi ilikuwa na timu 22. Ulaya nako UEFA walikuwa na sheria yao ya wageni watatu pamoja na wawili waliokulia soka la nchi husika, halafu kwa klabu ya England hata Mskoti, Mwelshi na Mwairishi alihesabiwa mgeni. Ndo maana Novemba 1994 Ferguson, kocha wa Man U, alienda Nou Camp kwa Barcelona akamwacha kipa wake Schmeichel nje, golini akasimama Gary Walsh, wakala 4-0 mbele ya kina Romario na Stoichkov. Desemba 1995 ikaja hukumu ya Bosman, mahakama ya Ulaya ikafuta ukomo wa wachezaji raia wa Umoja wa Ulaya, na mlango ukafunguka wote. Miaka minne tu baadaye, tarehe 26 Desemba 1999, Chelsea ya kocha Vialli ikaingia uwanjani kwa Southampton na kikosi cha kwanza kisicho na Muingereza, Mskoti wala Mwelshi hata mmoja. De Goey golini, Ferrer, Thome, Leboeuf, Babayaro, katikati kina Deschamps, Di Matteo na Poyet, mbele Flo. Wakashinda 2-1, Flo kapiga zote mbili, na msimu huohuo wakabeba Kombe la FA.

Wengi ndo wanapoanzia kulia hapo, eti siku ile roho ya mpira wa Kiingereza ilikufa.

Sasa mimi nawarudisha nyuma zaidi, Mei 1986, kabla hata Bosman hajajulikana. Fainali ya Kombe la FA, Liverpool na Everton, ndugu wa mji mmoja. Kikosi kilichoanza cha Liverpool hakikuwa na mtu hata mmoja wa timu ya taifa ya England. Golini Grobbelaar wa Zimbabwe, Molby Mdenishi, Rush Mwelshi, Whelan na Beglin Waairishi, Dalglish, Hansen na Nicol Waskoti, Johnston aliyekulia Australia. Walikuwa nyuma 1-0, wakarudi wakashinda 3-1, wakabeba ligi na kombe msimu mmoja. Nani aliwahi kusema ile Liverpool haikuwa na umoja? Hakuna. Mpaka leo wazee wa Anfield wakiongelea timu iliyoshikamana wanaitaja ile.

Na upande wa pili ndo kuna ushahidi ambao kwangu unamaliza ubishi. Timu ambayo haina mgeni hata wa dawa ni timu ya taifa. England ya 2002 mpaka 2010 ilikuwa na Gerrard, Lampard, Scholes, Rio Ferdinand, Terry, Ashley Cole, Beckham, Rooney, wote wazawa, wote wanaimba wimbo mmoja. Walifika wapi? Robo fainali mara tatu, na Euro 2008 hawakwenda kabisa, walifungwa 3-2 na Croatia palepale Wembley Novemba 2007. Baada ya kustaafu wenyewe ndo wamekuja kusema tatizo lilikuwa nini: wa Man U wanakaa kivyao, wa Chelsea kivyao, wa Liverpool kivyao. Rio na Lampard walikua pamoja West Ham, ni marafiki kabisa, lakini Rio kasema hadharani kwamba walipokuwa wanagombea mataji wako klabu pinzani ule urafiki ulikatika. Watu wa nchi moja, lugha moja, mtaa mmoja karibu, na bado hapakuwa na timu.

Kwahiyo uzawa peke yake hauleti umoja. Mi ninavyoona kinacholeta umoja ni watu kukaa. Timu ikiwa na kundi la watu wanne watano waliokaa muda mrefu, wanaijua klabu na desturi zake, mgeni akija anakuta wenye nyumba wa kumpokea na kumwambia hapa tunaishi hivi. Hilo kundi likiondoka wote mnabaki wapangaji, na mpangaji bomba likipasuka anahama. Hao wenye nyumba mara nyingi huwa ni vijana wa akademi, hilo nalikubali kwa mikono miwili, ila sio lazima wawe wao.

Angalia Arsenal. Kocha Wenger kaja Oktoba 1996, kila mtu anamkumbuka kwa Wafaransa wake, ila watu wanasahau alichokikuta: Seaman, Dixon, Winterburn, Adams, Keown, Bould. Hawakuwa wote wa akademi, Adams na Keown ndo walilelewa pale, ila walikuwa wamekaa. Vieira, Petit na Overmars wakaingia juu ya ule ukuta, 1998 wakachukua ligi na Kombe la FA. Ile mechi ya Everton ya kutawazwa, 4-0, goli la mwisho Bould anamchopia Adams mpira juu ya mabeki, beki wa kati anampa beki wa kati, Adams anaupokea kwa kifua na kuupiga kwa mguu wa kushoto. Huyo Adams miezi ishirini hivi kabla alikuwa ametangaza hadharani kwamba ni mlevi anayehitaji msaada.

Na September 2003 pale Old Trafford, Van Nistelrooy wa Man U kagongesha penalti mwamba dhidi ya Arsenal dakika za mwisho, matokeo 0-0, nani walimrukia mbele ya uso? Keown, Mwingereza. Lauren, Mcameroon. Parlour wa akademi yao. Ashley Cole. Nidhamu mbovu kweli, chama cha soka cha England, FA, kiliwapiga faini ya pauni 175,000 na watu wakafungiwa, siwatetei kwa lile, ila mtu aniambie pale mgeni alikuwa nani na mzawa nani katika kuumia. Msimu ule hawakufungwa ligi nzima, ushindi 26, sare 12.

Karibuni tujadili, bila matusi tafadhali.

namba6_mkabaji

Mkuu umeandika vizuri ila umechagua mifano inayokupendelea. Umeikwepa Middlesbrough ya 1996/97. Ravanelli, Juninho, Emerson, majina makubwa, wamefika fainali mbili za vikombe wamepoteza zote, na ligi wakashuka daraja. Ravanelli kila siku analalamika vifaa vya mazoezi vibaya. Umoja gani ule? Waliletwa kwa hela na timu ikasambaratika.

Mleta uzi

Kaka asante, na wala sijaikwepa, ni vile uzi ungekuwa mrefu sana. Ile Boro tuiangalie vizuri lakini. Walishuka kwa pointi 39, na walikuwa wamekatwa pointi 3 kwa sababu Desemba 1996 hawakwenda kucheza na Blackburn, walisema wachezaji 23 ni wagonjwa au majeruhi. Coventry aliyebaki alikuwa na 41. Yaani uwanjani walipata pointi za kubaki, waliozipoteza ni uongozi.

Halafu siku ya mwisho kule Elland Road, nani aliyefunga goli la kusawazisha dhidi ya Leeds? Juninho, kamtu kafupi kuliko wote uwanjani. Filimbi ya mwisho ikalia, kakaa chini kwenye nyasi analia kama mtoto, wanamnyanyua. Mbrazil, alikuja mji wa viwanda wenye baridi kali, kaupenda mji na mji ukampenda. Kaondoka kwenda Atletico Madrid, karudi mara mbili, na Februari 2004 alikuwepo Boro ilipomfunga Bolton 2-1 na kubeba Kombe la Ligi, taji lao kubwa la kwanza. Huyo utamwambia hana uchungu na jezi?

Klabu hiyohiyo Mei 2006 iliwahi kwenda Fulham na vijana watupu wa England, karibu wote wazaliwa wa maeneo ya kwao, kikosi kikuu kinapumzishwa kwa ajili ya fainali ya Kombe la UEFA. Walipambana kiume, wakafungwa 1-0. Sisemi kitu kibaya juu yao, nasema tu uzawa hauwezi kuwa jibu la kila kitu.

Mwana_Anfield

Mimi shabiki wa Liverpool tangu utoto na naona mleta mada una hoja ila unaushusha mno uzawa. Nenda Istanbul 2005, fainali ya Klabu Bingwa Ulaya. Mapumziko tuko nyuma 3-0 na Milan. Nani alianzisha? Gerrard, mtoto wa Huyton. Nani alicheza kwa kukamaa misuli miguu yote mpaka mwisho? Carragher, mtoto wa Bootle. Hawa walikua wanawaona ndugu zao na jirani zao jukwaani, wakirudi nyumbani ndo wanakutana nao dukani. Alonso naye alifunga, Smicer naye alifunga, sibishi, ila ule moto uliwashwa na watu wa mji.

Mleta uzi

Mkuu wangu wa Anfield, hapa umenipa mfano bora kuliko yote niliyoweka. Kumbuka kabla ya penalti Carragher alimfuata kipa Dudek, kamshika, anamfokea karibu na uso, anamwambia afanye kama Grobbelaar alivyofanya Roma 1984, zile miguu ya kulegea kama tambi mstarini ili kuwachanganya wapigaji. Dudek kafanya, Serginho kapaisha, Pirlo kaokolewa, na ya mwisho ya Shevchenko ikatolewa. Mtoto wa Bootle anamsimulia Mpolandi stori ya kipa wa Zimbabwe, katikati ya uwanja Uturuki, na stori inawapa kombe la Ulaya. Ile ndo kazi ya mzawa kwenye timu ambayo sitaki mtu aidharau, anabeba kumbukumbu ya klabu na kumkabidhi aliyekuja jana. Bila Carragher Dudek asingejua. Na bila Dudek kusikiliza, stori ya Carragher isingesaidia kitu.

Ila na wewe nikuulize ya karibuni. Mwaka 2025 Liverpool kabeba ubingwa. Aprili Salah na Van Dijk walisaini mikataba mipya. Aliyeondoka kwenda Real Madrid ni Trent Alexander-Arnold, mtoto wa mjini kabisa aliyeingia akademi akiwa na miaka sita, na mashabiki wake mwenyewe wakamzomea kwenye mechi na Arsenal. Mimi simlaumu, mtu anafanya kazi na ana ndoto zake. Ila huwezi kuniambia mzawa haondoki. Ashley Cole kaondoka Arsenal kwenda Chelsea 2006. Sol Campbell alilelewa Spurs, yaani Tottenham, akavuka bure kwenda kwa mahasimu wao Arsenal 2001, hilo kidonda halijapona mpaka leo.

Pwani254

Salaam kutoka Mombasa. Nyinyi mnazungumza wageni wa Ulaya na Brazil tu, mimi niseme wa kwetu. Wanyama alipoingia Southampton 2013 alikuwa Mkenya wa kwanza Ligi Kuu ile, na Pochettino alipohamia Spurs alimfuata tena 2016. Kocha hamfuati mtu wa kupita njia. Msimu wa 2016/17 Spurs walimaliza wa pili na pointi 86, Kane, Alli, Dier, Rose, Walker, Waingereza kibao, na katikati yao jamaa yetu anakaba kila kitu. Na ile kombora aliyompiga Karius Anfield Februari 2018 hakuna shabiki wa Spurs aliyeuliza pasipoti.

Dada wa Mbeya

Na Samatta jamani msimsahau. Januari 2020 kaingia Aston Villa, mechi ya Bournemouth kafunga, Mtanzania wa kwanza kufunga ligi ile, halafu fainali ya Kombe la Ligi Wembley tarehe 1 Machi kapiga kichwa cha kuruka mbele ya Man City. Walifungwa 2-1 lakini lile goli nililia mwenyewe. Ila nina swali kwa mleta uzi, kwani yeye alikaa? Miezi nane akapelekwa Uturuki. Sasa kwa hoja yako ya kukaa, mchezaji atakaaje kama klabu yenyewe haimpi muda?

Mleta uzi

Dada umegusa penyewe kabisa, na ndo sehemu ambayo nilitaka tufike. Kukaa sio uamuzi wa mchezaji peke yake. Samatta kaingia timu inayopigania kutoshuka, katikati ya msimu, ligi ikasimama kwa corona, ikarudi bila mashabiki, dirisha likafunguliwa wakamleta straika mwingine. Hakupewa hata mwaka mmoja wa kuzoea. Halafu kesho mtu anaandika "wageni hawana mapenzi na klabu". Klabu nayo ilikuwa na mapenzi gani na yeye?

Na kwa wazawa ni vilevile, tena sasa hivi ni vibaya zaidi, na hapa ndo kuna jambo ambalo mashabiki wengi hawalifuatilii kwa sababu liko kwenye vitabu vya mahesabu. Kwa zile kanuni za faida na hasara, klabu iliruhusiwa hasara isiyozidi pauni milioni 105 kwa miaka mitatu. Mchezaji ukimnunua milioni 50 kwa mkataba wa miaka mitano, kwenye vitabu unaandika gharama milioni 10 kila mwaka. Ukimuuza baada ya miaka miwili bado ana thamani ya milioni 30 kitabuni, ukipata 40 faida ni 10 tu. Ila kijana wa akademi hukumnunua, thamani yake kitabuni ni sifuri. Ukimuuza 40, faida ni 40 yote siku hiyohiyo. Kwahiyo klabu ikibanwa, wa kwanza kuuzwa ni mtoto wa nyumbani.

Chelsea 2023 kamuuza Mount kwa Man U. Gallagher, mtoto aliyekuwa pale tangu akiwa mdogo kabisa, msimu wa 2023/24 kavaa kitambaa cha unahodha mechi nyingi kwa sababu Reece James alikuwa majeruhi, anakimbia kuliko wote, mashabiki wanampenda, na Agosti 2024 kapelekwa Atletico. Man U mwezi huohuo kamuuza McTominay, kijana wa akademi tangu utotoni, kaenda Napoli, msimu wa kwanza tu kabeba ubingwa wa Italia na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi. Hii ni klabu ambayo tangu Oktoba 1937 haijawahi kwenda kwenye mechi bila kijana wa akademi kikosini! Sasa aliyemtoa McTominay pale ni mgeni gani? Ni karatasi ya mhasibu.

namba6_mkabaji

Hapo kwenye mahesabu umenifungua macho, sikuwa nalijua hilo la sifuri. Ila bado nauliza, Leicester mabingwa wa 2016 tuiweke wapi? Hawakuwa na akademi ya maana kwenye kikosi kile, hawakuwa wamekaa pamoja miaka kumi, na walikuwa na umoja kuliko wote.

Mleta uzi

Leicester ndo timu ninayoipenda kuitolea mfano. Vardy kaja 2012 kutoka Fleetwood, soka la chini kabisa. Morgan nahodha alikuwepo tangu Januari 2012, kipa Kasper Schmeichel tangu 2011, Drinkwater na Mahrez walikuwepo kabla timu haijapanda. Hawa walishuka shimoni pamoja, Machi na Aprili 2015 walikuwa wa mwisho kwenye msimamo wakajinasua. Kanté, Okazaki na Fuchs walipokuja kiangazi kile wakawakuta watu ambao tayari wameshazikwa pamoja wakafufuka. Kocha Ranieri naye hakuvunja kitu, aliwaahidi pizza wakimaliza mechi bila kuruhusu goli, Oktoba wakamfunga Crystal Palace 1-0, akawapeleka mgahawani akawaambia pizza mtaifanya wenyewe, kila mtu unga mkononi.

Na akademi ilikuwepo kaka. Andy King, Mwelshi, kalelewa palepale, kabeba na Leicester ubingwa wa daraja la tatu 2009, wa daraja la pili 2014, na Ligi Kuu 2016. Siku wanakabidhiwa kombe, 3-1 na Everton, yeye ndo kafunga goli la pili. Hakuwa nyota, wengi hawamjui. Ila kila aliyeingia chumba kile alimkuta.

Mzee wa Kona

Vijana mmejadili vizuri. Mimi nitaongeza Newcastle tu. Machi 2025 fainali ya Kombe la Ligi na Liverpool, kona inapigwa na Trippier, Dan Burn anaunganisha kwa kichwa kutoka mbali vile. Burn ni wa Blyth, hapo jirani, shabiki wa Newcastle tangu mtoto, walimtema akiwa mdogo akazunguka madaraja ya chini ndo akarudi. Isak akaongeza la pili, 2-1, taji la kwanza la ndani tangu 1955. Nahodha aliyenyanyua kombe ni Bruno Guimarães, Mbrazil, na machozi yanamtoka. Miezi michache mbele huyo Isak akagoma kucheza mpaka auzwe Liverpool, pauni milioni 125. Bruno mgeni, Isak mgeni, chumba kimoja, kocha mmoja. Sasa hapo pasipoti imesema nini?

Mwana_Anfield

Sawa wakuu nimewaelewa. Ila mleta uzi umalizie, wewe ungetaka sheria gani? Kwa sababu ligi tayari ina ile ya kikosi cha watu 25, wasiolelewa nchini wasizidi 17. Imesaidia nini?

Mleta uzi

Ile ya 2010 imesaidia kidogo, ila ina tundu. Inataka mchezaji awe amesajiliwa na klabu yoyote ya England au Wales misimu mitatu kabla hajafika miaka 21. Haijali klabu gani, wala haijali nchi, ndo maana Fabregas aliyekuja Arsenal na miaka 16 alihesabika wa nyumbani. Matokeo yake kijana wa Kiingereza akawa bidhaa ya kujazia nafasi, bei inapanda, klabu kubwa zinanunuliana hawa hawa, anakaa benchi miaka miwili anauzwa tena. Kwenye karatasi una wanane wa nyumbani, chumbani huna hata mmoja anayejua jina la mtunza uwanja. Na tangu Januari 2021 baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, hata hiyo njia ya Fabregas imefungwa, klabu haziruhusiwi kusajili mtoto wa nje aliye chini ya miaka 18.

UEFA wao kwenye mashindano yao wanataka wanane, na wanne kati yao wawe wamelelewa na klabu yenyewe. Mi ningechukua hiyo ya wanne niiweke Ligi Kuu, na kwenye mahesabu ningeondoa ule ujanja wa sifuri, yaani hela ya kumuuza kijana wako isambazwe miaka mitano kama inavyosambazwa gharama ya kumnunua mgeni. Hapo mkurugenzi atafikiria mara mbili kabla hajampigia simu wakala wa Gallagher, na kina Bruno wakija watakuta mtu wa kuwapokea.

Dada wa Mbeya, lile goli la Wembley na mimi nimelitazama tena leo mchana. Krosi ilitoka kwa El Ghazi, Mholanzi, na Grealish mtoto wa Birmingham ndo alikuwa nahodha siku ile.